Ziara ya Mahali Pamoja



Leo tuzungumze juu ya barua ya ziara. Unaijua. Mtoto anarudi kutoka shuleni, anaitoa mfukoni ikiwa imekunjwa mara nne, na hata kabla hajavua viatu anakuwekea mkononi. Shule inakwenda ziara ya masomo. Mzazi anaombwa alipe kabla ya Ijumaa. Mtoto aje na sare kamili, sweta na chakula cha mchana. Halafu inafuata orodha ya mahali watakapopelekwa: kituo cha wanyama mayatima kule Lang'ata, Makavazi ya Kitaifa, jumba la KICC, uwanja wa ndege wa JKIA, na kumalizia Uhuru Park. Yote hayo siku moja.

Orodha hiyo ndiyo inayonisumbua. Nimeandamana na watoto katika ziara za namna hiyo na ninajua siku inavyokwenda. Basi linachelewa kutoka kwa sababu kuna mzazi bado anakimbia kukopa salio. Saa tatu mko kwenye foleni ya magari Enterprise Road. Mkifika mahali pa kwanza, mwalimu ameshaanza kutazama saa. Watoto wanapangwa mstari, wanapitishwa haraka mbele ya simba, wanahesabiwa, wanarudishwa garini. Anayesimama kuuliza swali anaambiwa twende, wenzako wanangoja. Jioni anarudi amechoka na amefurahi, na ukimuuliza ameona nini anakutajia majina ya mahali. Walimu wetu nawapenda na ninaelewa kwa nini wanapanga hivyo. Mzazi ametoa hela kwa shida, kwa hivyo shule inataka aone mtoto wake amezunguka kila pembe ya Nairobi. Lakini saa nyingi za siku hiyo mtoto amezimaliza kwenye kiti cha basi.

Pendekezo langu ni moja. Shule za Mukuru, mtaa wetu huu wa mabanda, zichague mahali pamoja, zikae hapo kutwa nzima, na kwa watoto wetu mahali hapo pawe bustani ya mimea.

Tazama tunakoishi. Bati limegusana na bati. Upande mmoja viwanda vya Industrial Area, upande mwingine Mto Ngong. Shule nyingi za hapa ni za jamii, zile ambazo serikali inaziita APBET, na nyingi zimebanwa kwenye ploti ndogo, darasa juu ya darasa, na uwanja wa mapumziko ni ujia uleule wa kupita watu na mikokoteni. Mtaala wa umilisi nao unamtaka mtoto atazame, aguse, achunguze, alinganishe. Mwalimu wa Gredi ya Nne akifika kwenye sehemu za mmea anang'oa kwekwe kando ya mtaro, anaiinua juu ya kichwa ili hata wa nyuma waione: mizizi ni hii, shina ni hili, jani ni hili. Anafanya kazi kubwa mwalimu huyo. Tatizo ni kwamba somo la mti haliwezi kung'olewa likaletwa darasani.

Sisemi Mukuru hakuna mimea. Akina mama wa hapa wameotesha sukuma wiki na spinachi pasipo na shamba. Gunia linajazwa udongo na samadi, katikati mawe yanapangwa kutoka chini hadi juu ili maji yapenye mpaka mizizi ya mwisho, halafu ubavuni mwa gunia yanatobolewa matundu na kila tundu linapandwa mche wake. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye gunia kama hilo anajua mengi: anajua mche uliokosa maji, anajua jani lililoliwa na mdudu. Huyu akifikishwa kwenye bustani ya mimea haendi kushangaa tu. Anakwenda akiwa na maswali ya mkulima.

Bustani hizi tangu mwanzo zilikuwa darasa. Ile ya Padua, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kutambua mitishamba kwa macho yao wenyewe, kwa kuwa daktari aliyekosea mmea alimdhuru mgonjwa. Huku kwetu zilikuja na ukoloni na zilikuwa na kazi nyingine. Waingereza walianzisha ya Entebbe mwaka 1898, Wajerumani wakaanzisha ya Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902, na shabaha yao kubwa ilikuwa kujaribu mazao ya biashara kama mpira na kahawa. Arboretum yetu ya Nairobi, yaani bustani ya miti, ni ya mwaka 1907. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na gari la moshi la siku hizo lilikula kuni. Misitu ya asili ilikuwa inakatwa na serikali ya kikoloni ikataka kujua ni mti gani wa kigeni unaokua upesi kwenye udongo huu ili ulishe injini. Kwa hivyo walipanda miti ya huku na ya kule, wakaipima. Leo pale kuna zaidi ya aina 350 za miti kwenye ekari zipatazo 75, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya jiji.

Hapo tayari mwalimu ana somo la historia na la jiografia kabla hajagusa sayansi. Mjakaranda unaoipaka Nairobi zambarau kila Oktoba asili yake ni Amerika Kusini. Mkalitusi ni wa Australia, na mgrevilea unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba ya kahawa na chai nao ni wa Australia. Mtoto amezoea kuambiwa kwamba wageni walikuja na reli. Ni vizuri aone kwamba hata miti ilikuja nayo.

Sasa tuingie ndani. Watoto wa hapa wakipita geti la Arboretum, kitu cha kwanza kinachowapata ni baridi. Wanavuta sweta, wanatazama juu kutafuta jua limekwenda wapi. Kivuli wanachokijua ni cha paa la mabati, na kivuli hicho kina joto. Hiki ni kivuli kinachopoza, kwa sababu majani yanatoa maji hewani mchana kutwa. Mwalimu anayejua kazi yake hasemi kitu dakika hizo. Anawaacha wazunguke palepale mpaka waulize.

Na wanauliza. Mtoto mmoja, msichana wa kama miaka tisa, alitazama chini, akaona majani makavu yametapakaa kote, akaniuliza ni nani anafagia hapa na kwa nini hajafika. Ni swali la haki kabisa kwa mtoto wa mtaa ambao kila asubuhi mama anafagia mlango wake, kisha taka zinakaa kwenye lundo wiki nzima zikingoja mkokoteni. Mwalimu wake hakucheka. Alichuchumaa, akaita watoto wamzunguke, akayasogeza majani ya juu kwa vidole. Chini yake yalikuwapo mengine yaliyolowa na kuanza kuchanika. Chini ya hayo, vipande vyeusi ambavyo hujui kama ni jani au ni udongo. Chini kabisa, udongo wenyewe, mweusi, unaonukia mvua, na jongoo mmoja akijikunja. Akawaambia wauguse, wapitishe kwa wenzao. Kisha akawauliza, kwa nini lundo letu kule nyumbani halifanyi hivi? Walinyamaza kidogo. Halafu mvulana mmoja akasema, kwa sababu ya plastiki. Somo lile lilichukua zaidi ya nusu saa, na katika ziara ya mahali patano nusu saa hiyo isingepatikana.

Ndiyo maana nasema mahali pamoja. Na hata hapo msijaribu kuona aina zote 350 za miti. Chagueni michache, kila mmoja mkae nao.

Mimi ningechagua muhugu kwanza. Huu ni mti wa misitu mikavu ya Nairobi yenyewe, mti mgumu, unaokua polepole sana. Wachongaji wa Ukambani wameutumia kwa miaka mingi kutengeneza vinyago vya twiga na vifaru vinavyouzwa kwa watalii, kwa sababu mbao zake ni ngumu na hazipasuki ovyo. Ulikatwa hivyo mpaka katika misitu mingi ikawa taabu kuupata uliokomaa. Hapa Mukuru Kwa Reuben tuna familia nyingi zenye kwao Machakos, Makueni na Kitui. Mtoto ambaye babu yake au mjomba wake ni mchongaji akisimama mbele ya mti huo, swali la riziki na swali la msitu yatakuwa mbele yake kwa pamoja, na hakuna kitabu kitakachomfikishia hivyo. Mwulizeni babu angefanya nini. Waacheni wabishane.

Halafu ningechagua ule ambao Wakikuyu wanauita muthiga, Wamaasai osokonoi na Wakipsigis sogoet. Watoto wetu wameliona gome lake likiwa limekaushwa kwenye meza ya muuza mitishamba, na wengine wamelitafuna kwa kikohozi na wanajua ukali wake wa pilipili. Hawajauona mti wenyewe ukiwa hai. Na mwiritsa, kama Waluhya wanavyouita, ambao gome lake husafirishwa ng'ambo kutengeneza dawa ya tezi dume, na ambao tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa kuwa ulikuwa ukichunwa mpaka unakufa. Mtoto aelezwe ni kwa nini kuuchuna mti gome pande zote ni kuuua: chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia tabaka hilo la gome. Likikatwa lote, mizizi inakufa njaa.

Wapo watakaouliza kama ni lazima iwe Arboretum. Si lazima. Makavazi ya Kitaifa yana bustani yake ya mimea palepale kwenye kilima, na ndani ya eneo hilohilo imo hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, yenye sampuli zinazokaribia milioni moja. Hifadhi hiyo ilianzia Amani na ikahamishiwa Nairobi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mimea iliyobandikwa kwenye karatasi, kila mmoja na jina la aliyeuchuma, mahali na tarehe. City Park kule Parklands nako ni kuzuri, na mwalimu wa historia atapenda kuwaonyesha wanafunzi kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii, aliyezikwa karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto. Popote mtakapochagua, mkae.

Sasa tufike kwenye hela, maana hapo ndipo ninapoumia.

Msikilizaji, wewe unaamka alfajiri kusimama kwenye geti la kiwanda ukingoja kuitwa kibarua. Siku nyingine unaitwa, siku nyingine unarudi nyumbani mikono mitupu. Au unafua nguo za watu South B, malipo ni ya siku. Barua ya ziara ikija na kiasi kikubwa na siku tano za kulipa, huna pa kukitoa. Matokeo yake tunayajua: asubuhi ya ziara basi linaondoka, na kuna watoto waliobaki darasani na mwalimu mmoja, wakiandika mazoezi. Wiki inayofuata darasa zima linaandika insha juu ya ziara. Waliobaki nao wanaandika. Sijui jambo la kumfedhehesha mtoto kuliko hilo, na ninalisema kwa wakuu wa shule wote wanaonisikia: kama darasa zima haliwezi kwenda, panga upya mpaka liweze.

Na linawezekana. Mahali pamoja ni kiingilio kimoja na mafuta ya safari fupi. Malipo yaanze muhula wa kwanza, shilingi kidogo kidogo kila wiki, yakiandikwa kwenye daftari ambalo mzazi analiona. Shule mbili jirani zikodi basi moja. Shule za umma ambazo zimenunuliwa mabasi na hazina ya NG-CDF ziwaazime jirani zao wa shule za jamii kwa gharama ya mafuta na dereva. Hawa ni watoto wa wadi moja. Kampuni za Industrial Area zina mabasi yanayoleta wafanyakazi asubuhi na kuwarudisha jioni, na mchana kutwa mabasi hayo yamesimama uani. Wazazi wa watoto hawa ndio wanaofanya kazi ndani ya viwanda hivyo. Siku moja kwa mwaka si ombi kubwa.

Serikali nayo nina neno nayo. Arboretum iko chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Makavazi ni taasisi ya taifa. City Park ni mali ya umma. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mtoto wa Mukuru haipati haki hiyo anapolala wala anaposomea, basi angalau asidaiwe kiingilio anapokwenda kujifunza mazingira safi yanafananaje. Ninaomba waziwazi: watoto wa shule za mitaa ya mabanda waingie bure katika bustani za umma, wakiwa na sare na mwalimu, siku za masomo.

Hizo bustani zenyewe zimebaki kwa sababu kuna watu walizipigania. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kuzuia jengo la ghorofa sitini lisijengwe Uhuru Park. Mwezi Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa katika Msitu wa Karura walipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa inagawiwa watu binafsi. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, ilikuwa kwa kazi ya aina hiyo. Sijapata kusikia kwamba aliipigania misitu ya Nairobi kwa ajili ya watu wa upande mmoja wa jiji.

Nina machache kwa wazazi juu ya siku yenyewe. Julai ni baridi, sweta si urembo. Chakula kiwe cha nyumbani, chapati na ndengu au mandazi, kwenye kontena lenye kifuniko cha kukaza, kwa sababu kima na tumbili wa Arboretum wamezoea watu na watamnyang'anya mtoto mkate mkononi. Msimpakie maji kwenye chupa za plastiki za kutupa. Plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na misitu ya serikali tangu tarehe 5 Juni 2020. Na basi liwe limerudi kabla ya giza.

Kisha kuna somo la kurudi nalo nyumbani. Arboretum imepakana na mto unaoitwa Kirichwa Kubwa. Mwalimu asiondoke bila kuwapeleka watoto ukingoni, waone mizizi ilivyoushika udongo. Maji ya Kirichwa Kubwa huingia Mto Nairobi. Mto Ngong, huu wetu, nao hukutana na Mto Nairobi huko mashariki mwa jiji, na yote huishia Mto Athi. Ni maji yaleyale. Tofauti ni ukingo. Tunakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024, na tunakumbuka nyumba zilizobomolewa kando ya mto baadaye, nyumba za watu ambao hawakuwa na pengine pa kwenda. Sitasema mti mmoja ungeyazuia yale. Ninasema kwamba ukingo ule sasa uko wazi, na ukiachwa hivyo utajazwa taka au utanyakuliwa na mwenye nguvu. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya mapumziko tukapande miti, na shabaha ya nchi ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Watoto wa Kwa Reuben wapewe sehemu yao ya ukingo wa Mto Ngong, wapewe miche ya kienyeji na mtu wa kuwaonyesha umbali wa shimo hadi shimo, na wailinde wenyewe.

Walimu wakuu, barua za kuomba nafasi Arboretum na Makavazi zinaandikwa mapema. Andikeni muhula huu, kwa darasa zima, mkitaja idadi yenu na hali ya wazazi wenu, na muombe kwa maandishi msamaha wa kiingilio. Mkikataliwa, leteni barua hizo hapa studioni tuzisome hewani.